Fereti Akilegea Miguu ya Nyuma: Sukari Imeshuka au Moyo Umechoka?

Fereti wetu, Kashata, alikuwa na miaka minne alipoanza kuburuta miguu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi hapa Houston, nami nakoroga uji. Alitoka kizimbani kama kawaida yake, akapiga hatua tatu nne, kisha nyuma kukalegea, tumbo likalala sakafuni, akabaki ameukodolea macho ukuta. Udenda ulikuwa umelowesha kidevu. Nikamwita, hakugeuka. Baada ya dakika kama tatu akainuka, akaenda kula, akarudi kunivuta soksi. Nikajiambia ni usingizi tu. Nilikosea. Wiki mbili baadaye alipata degedege mikononi mwa mwanangu, na ndiyo maana naandika haya.

Fereti ni jamaa wa kicheche: kiwiliwili kirefu, miguu mifupi, pua isiyotulia. Dume huwa na kilo moja hadi mbili, jike nusu kilo hadi kilo moja, na wengi huishi miaka sita hadi minane. Kwetu Afrika Mashariki ni nadra kumwona akifugwa, lakini sisi tulio ughaibuni tunamkuta madukani, watoto wanampenda papo hapo, na mzazi anajikuta amerudi nyumbani na kizimba. (Aliye California au Hawaii asijisumbue, sheria za huko zinamkataza.)

Miguu ya nyuma kulegea ni dalili, na magonjwa mawili yanayowapata sana fereti waliovuka miaka mitatu huingia kwa mlango huo huo. Moja ni sukari kushuka. Chanzo chake mara nyingi ni vivimbe vidogo kwenye kongosho, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, vinavyomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari, bila kujali mnyama amekula au hajala. Jingine ni moyo kutanuka, kuta zake zikawa nyembamba na dhaifu, damu isisukumwe ipasavyo. Tatizo ni kwamba dawa ya ugonjwa mmoja inaweza kuuchochea mwingine, na wapo fereti wanaobeba yote mawili. Kashata alikuwa mmoja wao.

Hatua ya kwanza: mjue akiwa mzima

Usisubiri augue. Nunua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, weka bakuli juu yake, umpime kila wiki siku ileile. Andika kwenye daftari. Uzito wa fereti hupanda majira ya baridi na kushuka kiangazi, kwa hiyo usishtuke kwa gramu chache. Shtuka ukiona unashuka wiki baada ya wiki ilhali anakula. Ushtuke pia ukiona uzito umepanda, tumbo limekuwa duara, lakini ukipitisha kidole mgongoni unahesabu pingili moja moja. Huko si kunenepa. Hayo huenda ni maji.

Kisha hesabu pumzi akiwa amelala. Tazama ubavu unapopanda na kushuka, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Vitabu vya tiba ya wanyama huweka pumzi za fereti aliyetulia kwenye 33 hadi 36 kwa dakika, ila namba iliyo muhimu zaidi ni ya kwake mwenyewe, uliyoipata wewe nyumbani mara kadhaa akiwa salama. Usipoteze muda kuhesabu mapigo ya moyo kwa kidole. Moyo wa fereti hupiga mara 180 hadi 250 kwa dakika, nani ataweza?

Mwisho, mfunue mdomo uone fizi zake. Zinatakiwa ziwe za waridi na ziwe na unyevu. Ukibonyeza kwa kidole zipauke, zikirudi rangi upesi ni sawa.

Na jifunze usingizi wake. Usiku mmoja jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, alinigongea mlango akilia: "Kaka, kuja uone, amekufa, mtoto nitamwambia nini?" Nikaenda. Fereti alikuwa amelegea mikononi mwake kama kitambaa kilicholowa. Lakini alikuwa na joto, fizi zilikuwa za waridi, kifua kinapanda taratibu. Tukampapasa, tukamwita, nikamsogezea kipande cha kuku puani. Dakika mbili hivi, akapiga miayo. Fereti hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, na wengine huzama usingizini kiasi hicho. Tofauti iko hapa: mzima akishaamka, ameamka kweli, anatembea sawasawa. Mwenye sukari ya chini huamka nusu, akayumba, macho yakiwa kama kioo.

Hatua ya pili: siku akilegea, tazama kabla hujafanya lolote

Nusu dakika inatosha. Tazama pumzi kwanza, fizi pili, mdomo tatu.

Sukari ikishuka, pumzi mara nyingi ziko sawa. Utaona anajipapasa mdomo kwa miguu ya mbele kana kwamba kitu kimemkwama kwenye kaakaa. Hiyo ni kichefuchefu. Udenda unamtoka. Anakodoa macho pasipo kitu. Hali humjia na kumwondoka: dakika tano taabani, kisha anakula na kurudi mzima kabisa. Mara nyingi huwa ni baada ya kulala muda mrefu bila kula, au baada ya kucheza sana.

Moyo ukizidiwa, pumzi ndizo husema. Ubavu unakwenda mbio hata akiwa amelala, tumbo linasaidia kuvuta hewa, shingo imenyooshwa, pengine mdomo wazi. Fizi zimepauka au zina rangi ya kijivu au buluu. Kikohozi kinaweza kuwepo, lakini msikingoje. Fereti wengi wenye moyo mgonjwa hawakohoi kama mbwa. Na tofauti na sukari, kulegea huku hakuondoki kwa chakula. Jana alipanda ngazi zote za kizimba, wiki hii anaishia ya pili, wiki ijayo haondoki chini.

Zipo sababu nyingine za miguu kulegea: mgongo kuumia, damu kupungua, saratani, joto kali. Kwa hiyo ulichokiona nyumbani ni cha kukuongoza kwenye huduma ya kwanza tu. Jina la ugonjwa atalitoa daktari.

Hatua ya tatu: sukari imeshuka, pumzi ziko sawa

Chukua asali, au sharubati ya mahindi, au hata glukosi ya unga iliyokorogwa na maji kidogo ikawa nzito. Chovya kijiti cha pamba na upake kwenye fizi, tone moja, kisha jingine. Fizi zenyewe hunyonya. Usimimine mdomoni hata kidogo, kwa sababu mnyama aliyezimia hamezi, na kile ulichomimina kitaishia kwenye mapafu. Kama ana degedege usitumie kidole chako. Taya hujifunga bila yeye kujua, na meno ya fereti huingia hadi kwenye mfupa.

Angalia lebo kabla siku yenyewe haijafika. Baadhi ya sharubati na siagi za karanga zinazouzwa kama "hazina sukari" zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, nayo inaweza kuiteremsha sukari ya mnyama zaidi na kumuua.

Mweke ubavu, kwenye taulo, mahali asipoweza kuanguka. Subiri dakika tano hadi kumi. Akianza kuinua kichwa na kumeza mwenyewe, mpe chakula cha nyama mara moja: kuku aliyesagwa na maji yake, bila chumvi na bila kitunguu, au chakula chake cha kawaida kilicholoweshwa kikawa uji. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaona asali imemwamsha, wanafurahi, wanaongeza asali. Lakini sukari ya ghafla huziamsha zile seli za uvimbe zimwage insulini nyingine, na baada ya muda mfupi anaanguka tena, safari hii chini zaidi. Asali ni ya kumtoa shimoni. Nyama ndiyo ya kumzuia asirudi.

Asipoamka ndani ya dakika kumi, au degedege likiendelea, ondoka uende hospitali ya wanyama huku ukiendelea kupaka tone njiani. Akiamka, bado apelekwe, kesho isipite.

Hatua ya nne: pumzi ndizo mbaya

Hapa usimlishe, usimpe maji kwa bomba, usimlaze chali kumtazama tumbo. Mwache achague mwenyewe namna ya kukaa. Mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, chumba kiwe na ubaridi, watoto watoke, televisheni izimwe. Piga simu ukiwa njiani useme, "Fereti anashindwa kupumua," ili mkute oksijeni iko tayari. Mnyama wa namna hii anaweza kufa kwa hofu ya kushikwa tu.

Ukishindwa kujua ni sukari au ni moyo, tone moja la asali kwenye fizi halitamdhuru mwenye moyo. Kumshindilia chakula ndiko kutamdhuru.

Hatua ya tano: kwa daktari

Mtafute leo, kabla ya dharura, na umuulize waziwazi kama anatibu fereti, kwa kuwa hospitali nyingi za usiku hupokea mbwa na paka pekee. Ya kwanza niliyompeleka Kashata waliniambia ni uzee, wakanirudisha nyumbani. Miaka minne si uzee. Ukiambiwa hivyo, omba kwa upole apimwe sukari kabla hamjaondoka.

Kipimo cha sukari hufanywa baada ya kufunga saa tatu hadi nne, si usiku kucha. Utumbo wa fereti ni mfupi, chakula hupita ndani ya saa hizo hizo, na kumnyima zaidi ni kumtafutia degedege. Afunge saa hizo akiwa machoni pa watu, ikiwezekana hospitalini. Na pekua kwanza maficho yake! Jina lake la Kilatini, furo, maana yake ni mwizi, na Kashata alikuwa na ghala la chakula nyuma ya sofa ambalo lingebatilisha kipimo chochote.

Fereti mzima huwa na sukari ya takriban miligramu 90 hadi 120 kwa desilita baada ya kufunga kidogo. Chini ya 70 kunatia shaka, chini ya 60 daktari huanza kuitaja kongosho moja kwa moja. Kashata alikuwa na 48. Uingereza na kwingineko hutumia milimoli kwa lita; gawanya namba ya Marekani kwa 18, hivyo 70 ni 3.9. Ukitaka kutumia mashine ya kupimia sukari ya bibi au ya mama nyumbani, fahamu kwamba mashine za binadamu kwa kawaida husoma chini kwa fereti, hivyo unaweza kutishika bure.

Kwa moyo, sikio peke yake halitoshi. Omba eksirei ya kifua na ultrasaundi ya moyo. Eksirei huonyesha maji na ukubwa, ultrasaundi huonyesha jinsi kuta na vali zinavyofanya kazi. Mapigo yakiwa ya polepole mno au ya kurukaruka, kuna kipimo cha umeme wa moyo. Gharama inauma, sifichi. Lakini mwambie daktari apime yote mawili kabla ya kuandika dawa, na sababu ni hii inayofuata.

Hatua ya sita: dawa zinapovutana

Dawa ya kwanza ya sukari kushuka ni predinisoloni. Hulisaidia ini kutengeneza sukari na hupunguza jinsi mwili unavyoitumia. Fereti wengi hufufuka kwa siku chache. Ila predinisoloni hushikisha maji mwilini, na moyo dhaifu hauhitaji mzigo huo. Diazoksidi, inayoongezwa predinisoloni ikizidiwa, huzuia insulini isitoke, nayo pia hushikisha maji. Kwa hiyo fereti aliyekuwa na moyo mgonjwa bila kujulikana, akipewa dawa ya sukari, anaweza kuanza kuhema wiki ya pili, mwenye naye akadhani ugonjwa wa kongosho umezidi.

Upande wa pili, dawa za moyo. Furosemidi hutoa maji kwa mkojo, pimobendani huupa moyo nguvu ya kusukuma, enalaprili hulegeza mishipa ya damu. Furosemidi ikimkausha kupita kiasi anapoteza hamu ya kula, na fereti mwenye uvimbe wa kongosho akiacha kula, sukari inamwangusha siku hiyo hiyo. Enalaprili huwalegeza fereti kirahisi, hivyo huanzwa kwa kiasi kidogo sana. Pimobendani kwa mbwa hushauriwa kutolewa tumbo likiwa tupu. Mwenye sukari ya kushuka usimnyime chakula kwa ajili hiyo. Muulize daktari wako mpange saa zipi.

Ndiyo maana daftari ni la lazima. La kwangu lilikuwa na safu nne: saa ya dawa, alichokula, pumzi akilala, na jinsi alivyoamka. Kwa safu ya tatu na ya nne daktari aliweza kusema, "Leo tatizo ni maji, si sukari," bila kumchoma sindano.

Usimwachishe predinisoloni ghafla. Mwili wake unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe, nao huporomoka. Na tafadhali usimpe vidonge vya presha vya mtu mzima aliyepo nyumbani hata kama jina ni lilelile. Kidonge cha furosemidi cha binadamu mara nyingi ni miligramu 40. Fereti wa kilo moja huandikiwa miligramu chache tu.

Upasuaji wa kuondoa vivimbe upo, na kwa fereti mwenye moyo mzima huwa ndio unaompa muda mrefu zaidi, wengi mwaka au zaidi. Sukari hurudi kushuka baadaye kwa wengi wao, kwa sababu vivimbe vingine huwa vidogo visionekane. Mwenye moyo mgonjwa, dawa ya usingizi ni hatari, na hapo upasuaji huwekwa kando.

Chakula, kizimba na usiku

Fereti ni mla nyama mtupu. Bakuli la chakula chenye protini nyingi ya nyama na mafuta liwepo muda wote, na mgonjwa wa sukari asipitishe saa nne bila kula. Mimi niliweka saa ya kuamsha ya saa tisa usiku: namwamsha, namlambisha kuku aliyesagwa kijiko kimoja, anarudi kulala, narudi kulala. Zabibu, ndizi, biskuti na vile vitafunio vya dukani vyenye sukari, toa nyumbani kabisa, na uwaambie wageni. Kwa mwenye moyo, ondoa pia nyama za chumvi na samaki wa kopo.

Kizimba kishushwe kiwe cha ghorofa moja, kitanda cha kuning'inia kiwe karibu na sakafu, na ngazi ziwekwe taulo zisiteleze. Asizuiwe kucheza, ila michezo iwe mifupi na iwe baada ya chakula. Joto la chumba likipita nyuzi 27 fereti yeyote huanza kuteseka, na mwenye moyo huteseka mapema zaidi. Houston wakati wa kiangazi umeme ukikatika, nilijua ni chupa za maji ya barafu ndani ya soksi.

Mbu

Wenzangu wa Texas, Florida na Louisiana, hili ni letu. Minyoo ya moyo, ile ya mbwa, huletwa na mbu, na fereti huambukizwa upesi. Moyo wa mbwa unaweza kuhimili minyoo mingi. Wa fereti ni mdogo kiasi kwamba mnyoo mmoja au miwili inatosha kumuua. Ikishakomaa, tiba yake ni ya hatari mno kwa fereti. Kinga ni rahisi: dawa ya kudondosha shingoni kila mwezi, mwaka mzima, hata kwa asiyetoka nje, kwani mbu hawabishi hodi. Ipo iliyoidhinishwa Marekani kwa fereti, yenye imidakloprid na moksidektin, na daktari ataiandika kwa uzito wake. Usikate kipande cha dawa ya mbwa ukakisia.

Dawa zikifika ukomo

Kashata alipata miezi kumi na minne tangu ile Jumamosi. Moyo uligunduliwa mwezi wa nane, pumzi zake zilipotoka 34 hadi 50 nikadhani nimehesabu vibaya, nikahesabu mara tatu. Furosemidi ilimrudisha chini kwa muda.

Mambo niliyoambiwa niyatazame ni haya: je, anakula mwenyewe bila kulambishwa; anafika kwenye boksi la choo au anajikojolea alipolala; pumzi zinatulia akilala; na siku nzuri bado ni nyingi kuliko mbaya ndani ya wiki moja? Tuliweka alama kwenye kalenda ya jikoni, mwanangu akishika kalamu ya kijani na nyekundu, ili tusibishane kwa mioyo yetu. Siku nyekundu zilipofika tano kati ya saba nilimpigia daktari, akaja nyumbani. Kashata alikuwa amelala ndani ya mkono wa sweta langu, na mfuko wa chakula uliochakarishwa karibu yake, sauti iliyokuwa ikimtoa mbio kutoka chumba chochote, haukumfanya afumbue macho.